Mtoto wa Bethlehemu ya Uyahudi

Tanga, Alhamisi usiku

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, mama anaendelea vizuri na ule mguu, na Mama Kwaya anakusalimu. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, utanigombeza tukionana. Leo nimeshika kalamu kwa sababu moyo hautulii.

Jumapili nilikuwa na watoto, tunaandaa igizo la Krismasi. Mtoto wa fundi cherehani, yule asiyekoma kuuliza, akaitazama picha ya ukutani, akasema: "Mwalimu, Yesu alikuwa Mzungu?" Nikamwambia hapana, alikuwa Myahudi. Mama yake Myahudi, na alizaliwa Bethlehemu, mji wa kina Daudi, karibu tu na Yerusalemu upande wa kusini. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja akauliza polepole: "Si Wayahudi ndio waliomuua?"

Shoga, nilihisi baridi. Miaka 11 nafundisha darasa lile, na watoto wangu hawajui kwamba mtoto wanayemwimbia ni wa watu hao hao.

Basi nikaongeza sehemu katika igizo, yote imo katika Luka 2. Siku ya nane anatahiriwa na kupewa jina. Halafu Mariamu na Yusufu wanampeleka hekaluni na ndege wawili, sadaka ambayo Torati iliwaruhusu wasio na uwezo wa mwanakondoo. Watoto wa kiume waliposikia habari ya kutahiriwa walichangamka, maana hilo wanalijua! Lakini mzee wa kanisa akaja kutazama mazoezi, akasema sehemu hiyo itolewe. "Yesu ni Mkristo, msiwachanganye watoto." Ni mtu wa umri wa baba yangu, sikumjibu. Ila sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Maana Mathayo anaanza vipi? Mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu. Yule mama Msamaria pale kisimani hakusita: "wewe Myahudi". Siku ya sabato Yesu alikuwa sinagogi, kama desturi yake. Na alipomwinua binti wa Yairo alisema kwa lugha ya nyumbani kwao, "Talitha kumi." Watoto walicheka, wakadhani anahesabu. Nikawaeleza kwamba hiyo kumi ni "simama", na shina lake ndilo lililotuletea neno kiyama kupitia Kiarabu. Hata Bethlehemu: Beth ni nyumba, ndugu wa lile neno la Kiarabu lililotupa beti za mashairi. Nyumba ya mkate! Walifurahi mno.

Nakumbuka ulivyoniambia kwamba wapo wasomi wanaosema alizaliwa Nazareti, kwa kuwa kila mtu alimwita Mnazareti na Marko hasimulii kuzaliwa kabisa. Mimi nabaki na Bethlehemu. Mathayo anasimulia nyota na mamajusi, Luka anasimulia hori na wachungaji, kila mmoja kwa njia yake, na wote wanafika mji ule ule. Karne ya 2 tayari Justin, mwandishi Mkristo mzaliwa wa nchi ile ile, aliandika habari za pango karibu na kijiji hicho, na kanisa alilolijenga upya Kaisari Justinian katika karne ya 6 bado limesimama juu ya pango. Lakini mahali hapaniumizi kichwa. Kinachoniuma ni watu wake.

Nafikiria wale Wayahudi waliolazimishwa kuvaa nyota ya njano, alama ya kuwabagua, Ulaya zama za Hitler. Walikuwa ndugu za Mariamu, na wengi wa waliowalazimisha walikuwa wamebatizwa. Hayo yalianza na watoto waliofundishwa kama ninavyofundisha mimi, ndiyo maana siwezi... basi.

Hata jirani yangu wa maandazi alinishangaa. "Kwani nyinyi hamjui? Isa bin Maryamu alitumwa kwa Bani Israili." Yeye Mwislamu analijua, sisi tunaona haya kulisema madhabahuni.

Sasa nina ombi. Mzee anakusikiliza wewe, tangu yale mazishi. Mwandikie maneno machache, kwa heshima, umkumbushe Warumi 11, kwamba sisi ni matawi yaliyopandikizwa na shina ndilo linalotuchukua. Au ungekuja mwenyewe? Likizo yako inaanza lini? Bado unazo zile nukuu za chuo kuhusu hekalu na sadaka zake, unaweza kuniazima? Na ungekuwa wewe, yule msichana ungemjibu nini, kwa maneno ya mtoto wa miaka 8? Kuna namna ya kumwambia habari za Pilato, yule liwali Mrumi, na askari wake bila kumtisha?

Nijibu kabla ya Jumapili ukiweza. Mtoto wa fundi ameshatengeneza tundu la njiwa wake wawili, anataka kujua kama awalete.

Wako akupendaye,
Mwalimu wa watoto