Dada yangu, ile maramu ilikuwa yangu

Dada yangu,

Nimeona kwenye grupu ya familia kwamba Agosti mnarudi kwetu Kano, huku Kisumu, na kanisa lenu, safari hii kumjengea yule mama wa ng'ambo ya mfereji. Wote wamekuwekea amina. Mimi sikuandika kitu, na najua uliona kwamba sikuandika. Nikifungua mdomo kule, baba mdogo ataingilia, shangazi atatuma sauti ndefu ya kulia, na maneno yataishia kwenye mipaka ya shamba kama kawaida yetu. Afadhali hapa. Wengine mnaosoma mtuwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Kwanza nyumba yenyewe mliyomjengea Mama. Mimi ni fundi, siwezi kuitukana kazi nzuri. Paa limefungwa sawasawa, mabati si yale mepesi ya kupeperushwa na upepo wa ziwani, na mlikumbuka mfereji wa paa na tangi. Mama halali tena akisikiliza ni upande upi unavuja. Hilo ni lenu, Mungu awabariki, nasema bila kinyongo. Mlango tu ndio mmeuelekeza barabarani badala ya lango la boma, ili nyumba itokee vizuri kwenye picha. Sasa Mama akikaa kibarazani anatazamana na bodaboda, na wao wamezoea kumpungia mkono. Amewapenda, basi.

Ila kuna jambo la chini ya hiyo nyumba.

Unaijua ardhi yetu. Ule udongo mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza ndala ya mtoto. Yako moja ilimezwa, ukalia mpaka Baba akakununulia nyingine dukani kule laini za Miwani. Nyumba yake ndiyo iliuawa na huo udongo. Uliinua pembe moja kila masika na kuishusha kila kiangazi, hadi ukuta ukaachana na fremu ya mlango na mkono ukawa unapita. Kwa hiyo pale hujengi juu juu. Unakwangua tabaka la juu, unaleta maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, lori kwa lori, unamwaga, unashindilia, halafu unaiacha mvua ishindilie kuliko wewe. Masika ipite, vuli ipite. Ukiharakisha, sakafu inakatika katikati na unaanza upya.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya. Kila nikilipwa vizuri mjini, lori moja linashuka Kano. Si kila mwezi, kwa sababu binti yangu alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na ujenzi Kisumu ukilala unalala kweli. Nguzo za mkaratusi nilizinunua mapema, nikazipaka oili chafu ya gari mpaka magotini, mchwa wasizile, nikazilaza chini ya mwembe. Mgeni akipita angeona nini? Tuta la udongo mwekundu limeota nyasi, miti michafu imelala, na mama mzee ndani ya kibanda. Mgeni namsamehe. Wewe nilikutembeza, Krismasi ile. Ulipanda juu ya tuta na viatu vyako vyeupe ukauliza chumba cha Mama kitakuwa upande gani, nami nikakuchorea kwa fimbo.

Na suala la baba mdogo ulilijua. Kwa mila, mjane haanzishiwi nyumba hivi hivi, shemeji yake hayupo. Unaweza kuicheka, hata mchungaji wangu haipendi, lakini yule mzee nilikuwa nimembembeleza muda mrefu akakubali kusimama tu pale, bila masharti yake mengine, Mama abaki na amani yake. Tukaafikiana Jumamosi. Nyinyi mkachimba mashimo juu ya tuta lile Alhamisi kwa sababu basi lilikuwa limekodiwa kwa siku kadhaa tu. Hata leo akija anasalimia kutoka nje, kikombe cha chai anapelekewa chini ya mwembe.

Hayo yote ningeyameza. Nimeyameza makubwa zaidi.

Lakini ile siku ya kukabidhi. Nilifika nimechelewa, nimetoka kumwaga zege Mamboleo, simenti bado imenikauka mikononi. Hema limejaa. Mama ameketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kitambaa, amevalishwa leso mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Wewe umeshika maikrofoni. Nikafurahi, nisikufiche, nikasema moyoni mtoto wetu huyo. Halafu ukasema: "Mama huyu hana mtu. Hana mtu ila Mungu." Watu wakaitikia amina. Ukarudia.

Nilimtazama Mama. Alishika pembe ya leso, akaanza kuikunja, akaikunja na kuikunja mpaka ikawa kidonge kidogo kwenye kiganja, macho kwenye nyasi. Hakuinua uso hadi makofi yalipoisha. Kijana mmoja wenu, mpole sana, akaja kunipa soda ya moto kidogo, akaniuliza, "Wewe ni jirani?" Nikamwambia ndiyo.

Hana mtu! Aliyekunyonyesha pamoja na mdogo wangu, mama mdogo alipofariki? Aliyeuza mbuzi wake wa mwisho uende Nairobi kusomea uuguzi? Mimi nifute, sawa, mimi ni mtu wa karai na mwiko, sina picha nzuri. Lakini ulijifuta hata wewe. Ulisimama mbele ya kanisa lako ukamzungumzia Mama kana kwamba mlikutana Alhamisi. Najua utasema watu hawatoi mpaka wasikie shida. Nimeshakaa kwenye harambee nyingi, naujua mchezo. Shida ya kweli ilikuwepo: udongo, mafuriko, presha, uzee. Ungeitaja hiyo.

Sasa kile kibao mlichokifunga ukutani. Umeniita mwivu, umeniita mtu wa roho ya kutoshukuru, na shangazi ameongeza yake. Ndiyo, mimi ndiye niliyekifungua kwa bisibisi, mchana kweupe, Mama akiniona. Kilikuwa kimeandikwa jina la kanisa kwa herufi kubwa, na chini yake "Nyumba ya Mjane". Mke wa nani, mama wa nani, alibatizwa nani, hakuna. Watoto wa shule wakipita wakawa wanamwita Mjane. "Shikamoo Mjane!" Anacheka, lakini mimi ninamjua anavyocheka akiwa amefurahi. Niambie ni mtoto gani wa kiume angekiacha pale.

Halafu ikaja masika ya 2024. Unakumbuka shule zilivyoahirishwa kufunguliwa, nchi nzima ikiwa kwenye maji. Mto Nyando ulipanda usiku. Nilifika asubuhi kwa miguu kutoka barabara ya Ahero, maji ya kiunoni, viatu shingoni. Kwa majirani maji yalikuwa yameingia hadi vitandani, magodoro yamewekwa juu ya paa. Kwa Mama yalisimama vidole viwili chini ya sakafu. Alikuwa amewakaribisha watoto wa watu, amewapikia uji. Jumapili yake ukatoa ushuhuda kwamba nyumba mliyojenga ilisimama. Ilisimama, dada. Ilisimama juu ya nini?

Basi nikushauri, maana ndicho kilichonileta kuandika. Huyo mama wa ng'ambo ya mfereji ana wana wawili, mmoja yuko Nakuru kwenye maua, mwingine hapa hapa anavunja kokoto. Mpigieni mmoja wao kabla ya basi. Mkikuta rundo la mchanga uani, au matofali yaliyofunikwa na mabati mabovu, ulizeni ni la nani kabla hamjalipanda. Mtu anaweza kuwa anajenga polepole mno mpaka macho ya Nairobi yasione kitu. Na usiniambie tena kwamba ningengoja mpaka Mama afe. Hesabu nilikuwa nayo. Baada ya vuli ile ningesimamisha nguzo, muulize baba mdogo, muulize muuza mbao wa Ahero aliyekuwa ameshapokea malipo ya kwanza. Sikuwa nimelala.

Agosti njoo ulale kwa Mama, si hotelini na wenzako. Anakuulizia kila wiki, na mimi nikipiga simu ananiuliza kwanza kama nimesikia kutoka kwako. Dawa zake za presha ulizotuma mwezi uliopita ni za nguvu tofauti na za kliniki, ameziweka kando mpaka umweleze, kwa hiyo mpigie leo, usingoje Jumapili. Kibao kiko kwangu, sikukivunja. Ukutani hakirudi.

Kaka yako