Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara: turudishie nguzo tatu za barabara ya ziwani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: NGUZO ZILIZONG'OLEWA KATIKA BARABARA YA ZAMANI YA ZIWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na unaendelea vyema na majukumu. Barua zangu zilizotangulia nilizileta kwa utaratibu mnaoutaka, zikapita masijala, zikagongwa muhuri, na jibu likawa lile lile: suala langu linafanyiwa kazi. Naandika hadharani sasa kwa sababu kazi hiyo yaelekea ni nzito kuliko ofisi yako, na huenda wananchi wakisoma watakushika mkono.

Kwa wasioijua, barabara ninayoisemea ndiyo iliyokuwa njia kuu kabla barabara mpya haijapasuliwa upande wa pili wa mlima. Ni lami nyembamba inayoambaa na ziwa, inaingia msituni, inapanda kwa kona hadi kwenye shingo ya mlima, kisha inashuka bondeni. Mlipofungua barabara mpya, hii ya zamani ilibaki na wakazi wachache, trekta moja moja na sisi wa baiskeli. Ulikuwa uamuzi wa busara kuifunga kwa magari ya kupita, na nilikusifu wakati ule. Nguzo tatu za chuma zilisimikwa katikati ya njia, ya kati ikiwa na kufuli ili gari la wagonjwa na la zimamoto yapite. Wakazi walifika makwao kutoka upande wowote. Kilichozuiwa ni kukatiza tu. Ulikata utepe. Ulipanda baiskeli ukapiga pedeli hadi picha zikatosha. Ukasema, mbele yetu sote, kwamba barabara hii haitaona tena lori linalopita njia. Nakukumbusha kwa heshima, maana najua una mengi.

Hizo nguzo hazipo. Hakuna tangazo lililotolewa, hakuna kikao kilichoitwa. Tulifika asubuhi moja tukakuta mashimo matatu yamefukiwa kwa kokoto, na lami pembeni mwake imeshaanza kumeguka kwa kukanyagwa na tairi zisizotakiwa pale. Kibao cha "Baiskeli na wakazi tu" bado kipo, ila kimegeuzwa kinatazama kichaka. Sijui kama nyani wanakitii.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunashuka kutoka kwenye shingo ya mlima, mmoja nyuma ya mwingine, tumebana ukingo kama inavyotakiwa. Tipa lililojaa kokoto likatupita konani. Kioo chake cha pembeni kilipita juu ya bega la mwenzetu. Anayeendesha baiskeli anajua kinachofuata: upepo wa lori kwanza unakusukuma nje, halafu bodi likishapita unakuvuta ndani, kuelekea magurudumu ya nyuma. Mwenzetu alichagua mtaro. Mtulinga umevunjika, na anashukuru kwamba ni mtulinga. Ufaransa na Hispania sheria inamtaka dereva nje ya mji aache angalau mita 1.5 anapoipita baiskeli. Kwenye kona ile, ukishaweka tipa na baiskeli, hiyo mita na nusu haipo popote. Kwa hiyo usiniambie habari ya kuwaelimisha madereva. Hata dereva malaika hatatoshea pale.

Kwa nini nguzo ziling'olewa? Kwa kuwa hakuna aliyetueleza, naruhusiwa kukisia. Kisio langu la kwanza ni mzani. Kwenye barabara mpya mmejenga mzani wa malori, jambo jema kabisa, na tangu uanze kazi malori yenye mzigo wa kupindukia yamegundua ghafla uzuri wa mandhari ya ziwa. Sisemi kwamba mtu wa ofisi yako aliombwa na mwenye malori. Nasema tu kwamba anayeepuka mzani alizihitaji nguzo zile ziondoke, na zimeondoka.

Kisio la pili ni simu. Ramani za simu hazijui utulivu, zinajua dakika. Zikiona barabara kuu ina foleni, zinamwaga magari yote kwenye njia ya mkato. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulielemewa kiasi kwamba Januari 2018 ulifunga mitaa yake takriban 60 kwa wasio wakazi saa za msongamano. Mitaa mizima, Mheshimiwa. Sisi tunaomba nguzo tatu.

Nimesikia pia, kwa watu wanaosema wamesikia kwako, kwamba barabara haiwezi "kukaa bure" kwa ajili ya watu wachache wanaojifurahisha. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na naomba univumilie.

Haikai bure. Mwalimu anaipita kwenda kazini. Watoto wa bondeni walikuwa wanaipita kwenda shule kwa baiskeli, na sasa wazazi wamewakataza. Baadhi wanawapeleka kwa gari, kwa hiyo mmeongeza magari kwa kuruhusu magari. Mimi mwenyewe niliambiwa na daktari nisikae bila mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu, nikapata dawa isiyonunuliwa, na dawa hiyo sasa ina tipa ndani yake. Silali vizuri kabla ya siku ya kuendesha. Mke wangu hukaa na simu mkononi mpaka nirudi. Haya si ya kitaalamu, najua, lakini fomu yenu ya malalamiko ina nafasi ya mistari mitatu tu na sikupata pa kuyaandika.

Ya kitaalamu nayo yapo. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wahandisi waliendesha malori juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa ili viharibiwe na kupimwa. Walichokiona ndicho wahandisi wako walichofundishwa chuoni: ukizidisha mara mbili uzito unaobebwa na ekseli, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, uharibifu wa barabara unaongezeka takriban mara 16. Baiskeli, hata na mtu mnene kama mimi juu yake, hailiumizi tabaka la lami kwa namna inayopimika. Lori lililokwepa mzani ndilo linalolila. Kalavati la pale mtoni limeshapata ufa. Njia iliyoweza kudumu miaka mingi kwa kufyekwa majani na kuzibuliwa mitaro, mmeikabidhi kwa magari yale yale mliyoyajengea mzani ili yasiharibu barabara. Nani atalipia kiraka? Nadhani mimi.

Na kasi? Gari likitoka kilomita 30 kwa saa kufika 60, nishati ya mgongano haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Takwimu hizi unazo. Ulizisoma wiki ya usalama barabarani, nilikuwepo.

Ofisi yako imependekeza tuhamie barabara kuu, ambako mmechora mstari mweupe pembeni. Nimeujaribu. Upana wake ni wa usukani wangu na kidogo, umejaa vigae vya chupa na kokoto zilizorushwa na tairi, na mabasi yanautumia kushusha abiria. Rangi haijawahi kusimamisha lori.

Wenzetu wanatafuta njia kama hii na hawana, inabidi waitengeneze. Hispania tangu 1993 inageuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli. New Zealand walifungua ya Otago mwaka 2000, kama kilomita 150 juu ya tuta la reli ya zamani, miteremko ya taratibu ambayo hata mtoto anaimudu, na wageni wanatoka mbali kuja kuiendesha. Limburg ya Ubelgiji walianza 1995 kuunganisha vijia vyao vitulivu kwa namba tu kwenye vibao, unachagua namba zako unajipangia safari. Hata shingo ya mlima ya Stelvio, Italia, mita 2,757 juu ya usawa wa bahari na kona 48 upande wa Prato, hufungwa kwa magari siku moja kila mwaka wapande wa baiskeli. Bogotá, Kolombia, ni jiji la mamilioni, lakini lilianza kujaribu 1974, na leo kila Jumapili linatoa zaidi ya kilomita 100 za barabara kwa watu wake. Sisi tulikuwa nayo tayari, imekamilika, na ziwa kando yake. Tukaing'oa usiku.

Mwanzoni niliomba mengi, utayaona kwenye faili. Niliomba mzunguko mzima wa ziwa ufungwe, vibao vya kilomita, mwinuko uandikwe chini ya kila mlima, maji pale juu. Niliomba kasi ya 30 kwa wakazi. Kisha nikapunguza: kufunga mwisho wa wiki tu. Kisha nikapunguza: malori tu, magari madogo yaendelee. Kila nilipopunguza nilijibiwa kwamba ombi ni kubwa.

Basi naomba nguzo tatu. Zipo, hazijapotea, zimelazwa nyuma ya ghala lenu la barabara kando ya tingatinga bovu, ukisimama uzioni unaziona. Safari hii zipakwe rangi na kubandikwa viakisi, zisije zikamgonga wa baiskeli jioni, na kati ya moja na nyingine ibaki mita 1.5 ili hata baiskeli ya magurudumu matatu ipite. Funguo moja kwa zimamoto, moja kwa zahanati, moja kwa wenye matrekta. Hakuna zabuni ya kutangaza hapo, wala upembuzi yakinifu. Ni saruji mifuko michache na mafundi wawili kwa asubuhi moja.

Kama kuna sababu halali ya kuziondoa, iandike, uitie saini, tuisome. Kama haipo, zirudishe. Zirudishe kabla ya Jumapili, Mheshimiwa, kwa sababu wapo watakaoenda kuendesha Jumapili hata nikiwaambia wasiende, na tipa nalo halina mapumziko.

Nakala ya barua hii nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yako, upande wa ndani, mvua isije ikaiharibu.

Wako mtiifu bado,

Mwendesha baiskeli wa barabara ya ziwani