Japani bado ina deni kwa wahamiaji wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumzie jambo ambalo magazeti ya Kiswahili huligusa kwa nadra sana, nalo ni wajibu wa Japani kwa watu wake waliohamia ng'ambo na kwa uzao wao. Sisi wasomaji tumezoea kuiona Japani kama nchi ya magari na ya misaada ya barabara, na jina la JICA, shirika la serikali ya Japani la misaada ya maendeleo, tunalikuta kwenye mabango ya miradi. Lakini wachache wetu wanajua kwamba shirika hilo, lilipoundwa mwaka 1974, lilirithi pia kazi za shirika la serikali lililokuwa likiwapeleka Wajapani kuishi Amerika ya Kusini. Nchi ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa matajiri iliwahi kujiona ina watu wengi kuliko ardhi ya kuwalisha, ikaamua kuwapunguza kwa meli.

Maoni yangu ni kwamba msaada ambao Japani inautoa leo kwa Wanikkei, yaani wahamiaji hao pamoja na watoto, wajukuu na vitukuu wao, unapaswa kuhesabiwa kuwa ni malipo ya deni, na kwa hiyo haufai kupimwa kwa kizazi wala kupanda na kushuka kwa kufuata haja za viwanda. Nasema ni deni kwa sababu wengi wa watu hawa hawakujiondokea tu. Kuanzia mwaka 1885 vibarua walikwenda kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii kwa mkataba uliosimamiwa na serikali mbili. Mwaka 1899 meli ya Sakura Maru ilipeleka watu 790 Peru, na mwaka 1908 Kasato Maru ikatia nanga Santos, Brazili, ikiwa na watu 781 waliokuwa wameahidiwa kwamba kahawa ingewatajirisha upesi. Kampuni za uhamiaji ziliwatafuta wateja vijijini, na serikali ikatoa kibali, baadaye ikatoa hata nauli. Mjini Kobe, katika bweni la wahamiaji lililofunguliwa mwaka 1928, familia zilipimwa macho na kuchanjwa, zikafundishwa Kireno kidogo, kisha zikateremshwa bandarini.

Kisa kinachoonyesha deni hili waziwazi kuliko vyote ni kile cha Jamhuri ya Dominika, na nitakieleza kwa kirefu kidogo. Kati ya mwaka 1956 na 1959, Wajapani wapatao 1,300 walikwenda huko baada ya kusoma matangazo ya serikali yao wenyewe kwamba kila familia ingepewa bure shamba kubwa, takriban hekta 18, lenye rutuba na lililo tayari kulimwa. Familia nyingi ziliuza kila zilichokuwa nacho. Walipofika, baadhi yao walikabidhiwa ardhi iliyojaa mawe huko Neiba, wengine ardhi yenye chumvi ambayo haikuotesha kitu, wengine wakawekwa Dajabón karibu na mpaka wa Haiti, na wengi wao huamini hadi leo kwamba Trujillo, dikteta wa Dominika, aliwataka wawe kama uzio wa watu mpakani. Ukubwa wa mashamba haukufikia ulioahidiwa, na hati ya kumiliki hawakupewa. Waliolalamika kwa maofisa wa Japani waliambiwa wavumilie. Trujillo alipouawa mwaka 1961, sehemu kubwa ya walowezi hao ilirudi Japani au kuhamia nchi nyingine za Amerika ya Kusini. Waliobaki waliendelea kudai kwa miongo minne.

Hatimaye, mwaka 2000, walifungua kesi. Mwezi Juni 2006 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilikubali kwamba serikali ilitenda kinyume cha sheria kwa kuwapeleka watu bila kuchunguza ardhi, halafu ikayatupa madai yao kwa hoja kwamba miaka 20 ya kudai fidia ilikuwa imekwisha kupita. Yaani hakimu amekubali kwamba kosa lilitendeka, na mdai anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu amechelewa, ilhali aliyemchelewesha ni mdaiwa mwenyewe! Ni kweli kwamba mwezi uliofuata Waziri Mkuu Koizumi aliomba radhi rasmi na serikali ikatoa malipo maalumu ya hadi yeni 2,000,000 kwa mtu. Nampa heshima yake kwa hilo. Hata hivyo, malipo yale yalitolewa kama hisani baada ya serikali kushinda mahakamani, na kwetu tunasema dawa ya deni ni kulipa.

Upande wa pili wa daftari nao una mengi. Japani ilipokuwa magofu baada ya mwaka 1945, Wanikkei wa Marekani, Kanada, Brazili na kwingineko, ambao wengi wa wale wa Marekani na Kanada walikuwa wametoka juzi tu katika kambi walizofungiwa wakati wa vita, walichangisha unga wa maziwa, nguo na dawa, vitu vilivyosafirishwa kupitia mpango wa misaada ulioitwa LARA kati ya mwaka 1946 na 1952. Watu wa asili ya Okinawa waliokuwa Hawaii walifanya zaidi: mwaka 1948 walichanga fedha, wakanunua nguruwe wapatao 550, na watu saba wakajitolea kusafiri nao kwa meli kutoka Portland, Oregon, hadi Okinawa, wakiwahudumia wanyama hao katika bahari iliyochafuka. Msomaji asiyekula nyama hiyo anisamehe, lakini kwa watu wa Okinawa nguruwe ndiye kitoweo cha kila sherehe, na vita ilikuwa imewamaliza karibu wote. Mkutano wa kwanza wa Wajapani wa ng'ambo uliofanyika Tokyo mwaka 1957 ulizaliwa na shukrani hizo. Kwa hiyo anayewaita Wanikkei ombaomba hajaisoma historia.

Sasa tuangalie jinsi uzao huo ulivyopokewa nyumbani kwa babu zao. Viwanda vya Japani vilipopungukiwa na wafanyakazi, sheria ya uhamiaji ilirekebishwa, na kuanzia mwaka 1990 watoto na wajukuu wa wahamiaji wakaruhusiwa kuishi na kufanya kazi yoyote nchini humo. Wabrazili walimiminika katika miji ya viwanda ya Hamamatsu, Oizumi na Toyota, na kufikia mwaka 2007 walikuwa zaidi ya 300,000. Wengi waliajiriwa kupitia mawakala, kwa mikataba mifupi, wakitengeneza vipuri vya magari. Halafu ukaja msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Wa kwanza kuachishwa kazi walikuwa wao, na mwaka 2009 serikali ikatoa yeni 300,000 kwa kila mfanyakazi na 200,000 kwa kila mtegemezi ili warudi Brazili au Peru, kwa sharti kwamba wasitumie tena haki yao ya uzawa kurejea. Takriban watu 20,000 walichukua fedha hizo. Sharti lililegezwa mwaka 2013, uchumi ulipochangamka. Sioni jina jingine la utaratibu huu isipokuwa kumtumia ndugu kama kibarua.

Tena haki yenyewe ina kikomo cha ajabu. Mjukuu anakubaliwa, kitukuu anaambiwa asubiri mlangoni. Mwaka 2018 kitukuu alifunguliwa dirisha dogo: awe na umri wa miaka 18 hadi 30, ajue Kijapani kwa kiwango fulani kabla ya kuja, asilete familia, na akae kwa miaka isiyozidi mitano. Nafasi zilikuwa 4,000 kwa mwaka, lakini waliojitokeza walikuwa sehemu ndogo mno ya idadi hiyo, jambo ambalo halimshangazi yeyote aliyeyasoma masharti. Mwishoni mwa mwaka 2023 umri uliongezwa hadi 35 na njia ya kupata ukaazi wa muda mrefu ikafunguliwa. Ni hatua njema, ila bado imejengwa juu ya wazo kwamba damu huchakaa kwa hesabu. Wakati huohuo watoto waliokulia Hamamatsu hawabanwi na sheria ya elimu ya lazima, kwa kuwa inawahusu raia peke yao. Uchunguzi wa wizara ya elimu wa mwaka 2019 ulikuta kwamba watoto wa kigeni wapatao 20,000 huenda hawakuwa shuleni. Anayetafuta mahali pa kupeleka fedha za msaada asiende mbali.

Najua pingamizi moja ambalo lina uzito. Walipakodi wa Japani huuliza kwa nini wamsaidie daktari au mfanyabiashara wa São Paulo ambaye huenda ana kipato kuwashinda wao, na wanaweza kumtaja Alberto Fujimori, mtoto wa wahamiaji aliyekuwa Rais wa Peru. Nakubali kwamba si kila Mnikkei ni mhitaji. Lakini mfano wa Fujimori unafundisha jambo jingine kabisa. Alipokimbilia Tokyo mwezi Novemba 2000, serikali ilithibitisha ndani ya wiki chache kwamba yeye ni raia wa Japani, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamesajili kuzaliwa kwake ubalozini, na uraia huo ukamkinga asirudishwe Peru kushtakiwa.

Mlinganishe na wazee wa Ufilipino. Baba zao walikwenda kujenga barabara ya mlimani ya Benguet mwaka 1903 na baadaye kulima abaka, mmea wa nyuzi za kamba, huko Davao, ambako kabla ya vita Wajapani walifikia karibu 20,000. Walioa Wafilipino na kuzaa nao. Baada ya kushindwa kwa Japani, akina baba walikuwa wameuawa au walirudishwa kwao, na akina mama wakachoma au kufukia vyeti na picha ili watoto wasilipiziwe kisasi. Kwa kuwa sheria za nchi zote mbili wakati huo zilimpa mtoto uraia wa baba, watoto hawa wakabaki bila nchi. Zaidi ya 3,000 wametambuliwa. Wengi walikufa wakisubiri, na walio hai wana umri wa miaka themanini na kuendelea, lakini bado kila mmoja anatakiwa aende katika mahakama ya familia ya Japani kuthibitisha baba yake alikuwa nani, akitegemea mashirika ya kujitolea kumtafutia ushahidi wa majina ya meli na vijiji.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa pa kuanzia, ningesema ni hapo. Serikali ya Japani iwatume maofisa Davao wenye mamlaka ya kuchukua ushahidi wa mdomo, walipie vipimo vya vinasaba pale ambapo jamaa wa upande wa baba wanajulikana, na jina la mzee liandikwe katika daftari la ukoo, ambalo ndilo uthibitisho wa uraia wa Japani, kwa uamuzi wa wizara pasipo kesi. Kikomo cha kizazi kiondolewe, na badala ya kumdai kitukuu lugha kabla hajaingia, afundishwe akishafika. Sidhani kama gharama ya yote mawili itafikia fedha zilizotumika mwaka 2009 kuwalipa watu waondoke.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako