Usiziuze hizo spika kwa ajili ya mchoro mmoja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, pamoja na mchoro wa vipimo vya spika zako za honi (zile zinazokuza sauti kwa mdomo unaopanuka kama tarumbeta) ulivyochukua kwa maiki, wenye mstari unaoonyesha nguvu ya sauti toka nzito hadi nyembamba, na nimeona ulichoandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Nauza." Nakuomba usubiri kidogo.

Mstari wako una milima na mabonde, sikatai. Lakini maiki uliiweka sehemu moja tu, pale kwenye kochi. Chini ya hezi 300 hivi, yaani mitetemo 300 kwa sekunde, kwenye sauti nzito, maiki haipimi spika peke yake, inapima na chumba: kuta, dari na mawimbi yanayorudi yakakutana njiani. Isogeze kwa urefu wa mkono tu, utaona bonde lile la hezi 70 linahama au linajaa. Pima sehemu kadhaa kuzunguka kochi, halafu uchukue wastani.

Wapo wapenzi wa honi wanaosema vipimo ni upuuzi. Mimi siko nao. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, alipokuwa kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada miaka ya 1980, aliwapa watu wasikilize spika wasizoziona, zimefichwa nyuma ya pazia. Wengi walipendelea zile ambazo mstari wake umenyooka kwa mbele, na sauti yake ya pembeni inashuka taratibu bila kurukaruka. Kwa hiyo vipimo vinaweza kutabiri raha, mradi spika ipimwe pande zote. Kwa honi jambo hili ni kubwa zaidi, maana nyingi za zamani huibana sauti ielekee mbele tu kadiri inavyokuwa nyembamba: aliyekaa katikati anapata kila kitu, wa kiti cha pili hasikii tena matuazi.

Na kuna kitu ambacho mstari ule hauwezi kukuonyesha. Hizo ni Klipschorn, kaka, kazi ya Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946. Kwa wati 1 tu zinatoa takriban desibeli 105 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1. Spika ya kawaida ya desibeli 87 itataka zaidi ya wati 60 kufika hapo. Maana yake ni kwamba kiwambo cha spika yako kinatikisika kidogo mno, na kikitikisika kidogo kinaiharibu sauti kidogo. Weka taarab ya zamani usikilize kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi: unasikia ncha ikigusa uzi, kisha uzi wenyewe, kisha mbao zikiitikia, na dumbaki likiingia kwa nguvu halimezi hata kimoja. Raha hiyo mimi siibadilishi na mstari ulionyooka. Klipsch mwenyewe alitaka mstari ulionyooka pia, ila aliuweka sambamba na ufanisi wenye upotoshaji mdogo, upana kati ya sauti ndogo na kubwa, na udhibiti wa sauti inakoelekea.

Kinachonitia wasiwasi kwenye mchoro wako ni kile kilima cha hezi 2,500. Hapo sikio ni jepesi sana, na hapo ndipo honi inapoanza kupiga ukelele mwimbaji akipandisha. Kikibaki hata kwenye wastani, kipunguze desibeli 3 kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti), usikilize wiki nzima kabla hujagusa tena. Mabonde yaache. Mengi ni mawimbi yanayofutana, na ukiyasukuma unaichosha amplifaya bure.

Kabla ya hayo yote, tazama kona. Kwenye picha yako naona upenyo kati ya kasha na ukuta. Kwa Klipschorn za zamani kama zako, kuta mbili za kona ndizo mwendelezo wa honi ya besi, kwa hiyo palipo na upenyo besi inavuja. Zisukume mpaka zishike, uzibe kingo kwa ukanda wa sponji, ndipo upime upya na unitumie mchoro. Huyo mnunuzi mwambie asubiri mpaka mwezi ujao.

Wako,
Ndugu yako