Kwa mpwa wangu: wimbi halibebi maji

Mpwa wangu,

Jumapili ulinambia fizikia umeichoka, na kwamba sura ya mawimbi ndiyo iliyokumaliza. Iliniuma. Mtoto aliyezaliwa Likoni, analala kila usiku na mvumo wa bahari masikioni, vipi mawimbi yamshinde?

Nadhani ulipotea pale ulipoandika kwamba wimbi ni maji yanayosafiri. Jana jioni nilisimama Nyali, upande wa ndani wa mwamba, maji ya magotini. Mbele yangu kifuu cha nazi kinaelea. Likaja wimbi: kikapanda, kikasogea mbele kidogo, kikashuka, kikarudi nyuma. Likaja jingine, vilevile. Mawimbi sita yalifika ufukweni na kifuu kingali karibu pale pale. Kilichosafiri ni nishati. Maji yalichezacheza tu mahali pake.

Nikapima. Kutoka mgongo wa wimbi hadi mgongo wa linalofuata, kama mita 6. Huo ndio urefu wa wimbi. Kila sekunde 3 ulinipita mgongo mmoja, yaani marudio ni theluthi moja kwa sekunde. Zidisha urefu kwa marudio, upate mwendo wa wimbi: mita 2 kwa sekunde. Ndiyo kanuni uliyokariri bila kuiona.

Tena usichanganye urefu na kimo. Kimo hupimwa kuanzia usawa wa maji yaliyotulia hadi mgongoni, na kinapozidi, nishati nayo huzidi. Wimbi likiingia maji machache hupungua mwendo, lakini marudio hayabadiliki. Basi urefu hufupika, kimo kikapanda, mwishowe linavunjika. Ule mstari mweupe unaouona kule mwambani umetokana na hayo. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia Sumatra ikafika hadi pwani yetu, kwenye kilindi ilikwenda kwa mwendo wa ndege, na nahodha aliye juu yake asingeihisi.

Kwa sauti, kumbuka umati wa feri. Geti likifunguliwa wa nyuma husukuma, na msukumo hufika mbele kabla yao. Hewa husukumana hivyo, mbele na nyuma, kwenye njia ile ile ya wimbi. Adhana hukufikia kwa takriban mita 340 kila sekunde.

Jumamosi, maji yakianza kujaa, njoo na kamba ya mita 10 na saa yenye mshale wa sekunde. Kifuu nimekiweka.

Mjomba wako