Barua ya wazi kwa Waziri wa Jimbo mwenye uvuvi: karton ya makayabu iandikwe jina la samaki

Mheshimiwa Waziri,

Makayabu, yaani samaki wa chumvi, yanayoliwa pamoja na bukari (ugali) hapa Lubumbashi, toka mtaa wa Kenya mpaka mtaa wa Katuba, si samaki mmoja. Chini ya jina hilo huuzwa, kwa majina ya kisayansi, Gadus morhua, Pollachius virens, Brosme brosme na ndugu wawili warefu, Molva molva na Molva dypterygia. Wote ni wa bahari baridi ya Atlantiki ya kaskazini, lakini hawaishi maisha ya namna moja, na mnunuzi ana haki ya kujua analipia yupi.

Huyo wa mwisho, Molva dypterygia, ndiye anayetutia wasiwasi. Gadus morhua hupatikana sana katika maji ya kina kisichozidi mita 200 au 300. Molva dypterygia huanzia mita 350 hivi, na hushuka kupita 1,000, kwenye miteremko ambako mwanga wa kuotesha mimea haufiki na maji, kwenye mita 1,000, yanakandamiza mara 100 hivi kuliko hewa ya ufukweni. Huko samaki hakomai upesi: huyu hufikisha miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa. Kisha, msimu wa mayai, hukusanyika kwa wingi mahali palepale, na wavu wa kukokota unaweza kubeba wazazi wa eneo zima kwa safari chache. Ndiyo sababu mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliweka maeneo ya ulinzi magharibi ya Scotland kwa miezi ya Machi hadi Mei. Kumrudisha majini hakusaidii. Kibofu chake cha hewa hakina mlango, hivyo akipandishwa gesi hutanuka na kusukuma tumbo mpaka mdomoni.

Wakaguzi wako wanaweza kuanza na mapezi ya mgongoni, maana hata yakikatwa mashina yake hubaki kwenye ngozi. Matatu: ni Gadus au Pollachius, Pollachius ana ngozi nyeusi zaidi na mstari wa ubavuni ulionyooka, wa Gadus umepinda juu ya pezi la kifuani. Mawili, la pili refu sana: ni Molva. Moja tu, refu mpaka karibu na mkia: ni Brosme. Kwa Molva jicho linakwama, kwa sababu hao wawili hutofautishwa vizuri kwa taya (la chini limetokeza kwa dypterygia, la juu kwa molva), na makayabu hufika bila kichwa. Minofu iliyochunwa ngozi ndiyo mbaya zaidi: hakuna mkaguzi atakayeitambua kwa macho.

 

Tunaomba kila karton inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ibebe maandishi matatu: jina la kisayansi, eneo la bahari alikovuliwa, na chombo kilichomvua, wavu wa kukokota au kamba ya ndoano. Si mzigo mpya kwa wauzaji wa Umoja wa Ulaya. Sheria ya kwao inawadai hayo hayo kwa wateja wao. Karton isiyo na jina la kisayansi isiruhusiwe kupita kwa kulipa ushuru tu; irudishwe kwa mwagizaji akalete karatasi.

Wauza samaki na walimu wa biolojia, Lubumbashi