Karatasi za Florence na mwani wetu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze niliyoyaona safarini Florence, Italia, katika duka la vifaa vya kuandikia la Giulio Giannini e Figlio, lililoanzishwa na ukoo mmoja mwaka 1856, jirani na kasri la Pitti. Niliingia kutafuta kalamu moja tu. Nilitoka na madaftari matatu na mfuko mwepesi.

Kilichonishika ni karatasi zenyewe. Fundi alidondosha rangi zilizotiwa nyongo ya ng'ombe juu ya beseni la uteute, akazichana kwa kitana cha sindano mpaka zikafanana na manyoya ya tausi, kisha akalaza karatasi mara moja na kuiinua ikiwa na nakshi isiyoweza kurudiwa. Nilipouliza uteute ule ni nini, niliambiwa ni mwani.

Mimi ni mtu wa Paje, ambako mama zetu hulima mwani na kuuza mkavu kwa kilo, kwa bei ya kusikitisha. Je, vyuo vyetu vya ufundi haviwezi kuujaribu wa kwetu, japo kwa beseni moja?

Msomaji wako,
Paje, Zanzibar